Mtafiti Arudipo Kwao: Masomo ya Uzamili na Historia ya Umatengo na Unyasa

Mwezi Machi 1968 wanafunzi wa sekondari wenye asili ya Meksiko walitoka madarasani huko Los Angeles, wakidai, pamoja na mengine, wafundishwe historia yao wenyewe. Madai ya aina hiyo ndiyo yaliyozaa taaluma za Wachikano, ambazo leo zina shahada hadi ya uzamivu. Mwaka huohuo, kwa sababu nyingine kabisa, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda kwa wazee kukusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji. Mapunda na Mpangara walichapisha utafiti wao juu ya Ungoni, jirani ya Mbinga, mwaka 1969. Gwassa akahitimu uzamivu mwaka 1973.

Wazee hawakusimulia kwa Kiingereza, ilhali maandishi yote hayo yalitoka kwa Kiingereza. Egno Ndunguru alishika njia nyingine: kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wamatengo, cha mwaka 1972, kiliandikwa kwa Kiswahili.

Uzito wa jambo hili huonekana katika neno moja, ngolo. Aghalabu tunalifasiri kuwa "mashimo". Kumbe katika miteremko ya Umatengo nyasi zilizofyekwa hupangwa kwa safu zinazokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati ya miraba na kufukia nyasi hizo. Maharage, na baadaye mahindi, hupandwa juu ya matuta, wala si ndani ya shimo. Shimo hupokea maji ya mvua yasichukue udongo. Anayesema "mashimo" tu ameliacha shamba lenyewe nje ya sentensi yake.

Hata hivyo, sidai kuwa kuzaliwa mahali kunatosha. Msamiati wa Kimatengo uliochapishwa mwaka 2006 ni kazi ya Mjapani, Nobuko Yoneda. Naye mwana wa milima ya Mbinga akishuka Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, kwa Wamanda na Wanyasa, ni mgeni wa kukaribishwa. Hiyo "kwetu" yenyewe imegawanyika, kwani Wilaya ya Nyasa ilimegwa kutoka Mbinga mwaka 2012.

Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, imekwisha kupokea tasnifu za Kiswahili. Mwanafunzi wa historia aghalabu bado huandika kwa Kiingereza, kisha humwendea bibi aliyemhoji akiwa na nakala ambayo bibi huyo hawezi kuisahihisha.