Nukta Mkato

"Mwalimu, komputa imekataa."

Kijana anaandika makro yake ya kwanza ya Excel hapa Kasongo, ya kujumlisha magunia ya mpunga yaliyoingia bohari asubuhi na jioni. Mstari mzima umekuwa mwekundu. Nikasogea. Aliuandika kwanza kwenye Word ya Kifaransa, nayo ikamgeuzia alama za kunukuu zikawa « ». Makro inazitaka zilizosimama wima: " ". Tukazifuta, tukazipiga upya palepale, wekundu ukatoka.

Sisi watu wa Kasongo tulianza zamani kuhesabu kwa lugha mbili. Mfanyabiashara Tippu Tip alipojikita hapa miaka ya 1870, pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, kama kilo 16 hivi, na barua za biashara ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Hata habari za maisha yake aliziandika kwa Kiswahili cha herufi hizo. Aprili 1893 jeshi la afisa Mbelgiji Dhanis likautwaa mji, zikaja kilo na Kifaransa. Babu yangu alisoma chuo cha Kurani kwanza, shule baadaye. Katika daftari lake la madeni majina yanaanzia kulia, faranga zinaanzia kushoto.

Excel nayo ina mambo hayo. Ile ya 1993, ya kwanza kuwa na VBA, lugha ya kuandikia makro, ilikuwa ya Kifaransa hadi ndani ya makro: mtu aliandika Si na Alors. Toleo la 97 likaliacha jambo hilo. Makro ikawa ya Kiingereza, seli zikabaki na Kifaransa chao, na wanafunzi wangu hujikwaa hapo katikati.

Kijana akaiendesha tena: kosa 1004. Ndani ya makro alikuwa ameandika "=SOMME(A2;B2)", kama anavyoandika kwenye seli kila siku. Nikamwonyesha kwamba Formula inataka "=SUM(A2,B2)", mkato peke yake, bila nukta juu. Asiyetaka kubadili aandike FormulaLocal, na Kifaransa chake kitapokelewa.

"Sasa ipi ndiyo sahihi?"

"Zote, ila kila moja ina mlango wake."

Ukutani nimebandika karatasi ya safu mbili: SI, SOMME na nukta mkato upande mmoja, IF, SUM na mkato upande wa pili. Juzi nikakuta kijana ameongeza safu ya tatu kwa kalamu: kama, jumla.