Ijumaa Jioni Dukani kwa Mikanda: Enzi ya Video Ambayo Marekani Haijaisahau

Katika mji wa Bend, jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani, lipo duka lenye kibao cha rangi ya bluu na manjano ambalo watu hufunga safari kwenda kulipiga picha. Wakishamaliza huingia ndani, hununua fulana, na wengine hukodi filamu ambayo wangeweza kuitazama nyumbani bila kuinuka kwenye kochi. Hilo ndilo duka la mwisho duniani la Blockbuster, kampuni ya kukodisha filamu. Wenzake wa Anchorage na Fairbanks, Alaska, walifunga Julai 2018, na lile la Morley, Australia Magharibi, likafunga Machi 2019. Mwaka 2004 kampuni hiyo ilikuwa na maduka zaidi ya 9,000.

Wamarekani waliokulia miaka ya themanini na tisini wana mengi ya kuyakumbuka kwa hamu: michezo ya Nintendo, muziki wa MTV, Walkman kiunoni, jioni za kuzurura kwenye maduka makubwa. Duka la mikanda ya video, hata hivyo, limepewa heshima ya peke yake. Katika filamu ya Captain Marvel ya mwaka 2019, shujaa anaanguka kutoka angani na kutoboa paa la Blockbuster, na kwa mtazamaji wa Kimarekani kibao kile kinatosha kumwambia kwamba yuko miaka ya tisini. Vijana wa tamthilia ya Stranger Things nao wamepewa kazi kwenye duka la mikanda. Tamthilia hiyo ni ya Netflix, kampuni iliyochangia sana kuyafuta maduka hayo mitaani. Mwaka 2022 Netflix hiyo hiyo ikatoa vichekesho vilivyoitwa Blockbuster, vikadumu msimu mmoja tu. Ndiyo maana naona historia yenyewe inastahili kusimuliwa upya, kwa sababu hamu hii ya mambo ya kale imemsahau aliyefanya kazi na kumkumbuka aliyekuwa na kibao kikubwa.

Mambo yalianza na mashine, yaani deki ya video. Sony walileta Betamax mwaka 1975, na mwaka uliofuata JVC wakatoa VHS nchini Japani, ikafika Marekani mwaka 1977. Mkanda wa kwanza wa Betamax ulibeba saa moja. Wa VHS ulibeba saa mbili, yaani filamu nzima bila kubadilisha mkanda katikati, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya VHS kushinda.

Wenye studio za Hollywood hawakuipokea deki kwa furaha. Universal na Disney waliipeleka Sony mahakamani, wakidai kwamba kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani ni wizi. Mwaka 1982 Jack Valenti, aliyekuwa msemaji mkuu wa studio hizo mbele ya serikali, aliliambia Bunge la Marekani kwamba deki kwa filamu ni kama yule muuaji aliyeitwa Mnyongaji wa Boston kwa mwanamke aliye peke yake nyumbani. Januari 1984 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, majaji watano kwa wanne, kwamba mtu anayerekodi kipindi ili akitazame baadaye hana kosa. Katika ushahidi uliozingatiwa yalikuwemo maneno ya Fred Rogers, mtangazaji mpole wa vipindi vya watoto, aliyesema haoni ubaya familia zikirekodi kipindi chake.

Wakati kesi ikiendelea, biashara ilikuwa imeshazaliwa. Mwaka 1977 Andre Blay, mfanyabiashara wa Farmington Hills, Michigan, aliwashawishi Twentieth Century Fox wamruhusu kuuza filamu zao 50 kwenye mikanda. Mkanda mmoja uliuzwa takriban dola 50, fedha nyingi kwa familia ya wakati ule. Huko Los Angeles, George Atkinson aliona kwamba wengi wangetaka kutazama na wachache wangeweza kununua. Akanunua mikanda na kuanza kuikodisha kwenye barabara ya Wilshire. Uanachama ulikuwa dola 50 kwa mwaka au dola 100 kwa maisha, kisha dola 10 kwa siku kwa kila mkanda. Studio zilipandwa na hasira, lakini sheria ya Marekani ilikuwa upande wake: aliyenunua nakala halali anaruhusiwa kuiuza au kuikodisha. Studio zikajibu kwa bei. Kwa miaka mingi mkanda wa filamu mpya uliuzwa karibu dola 80, bei ambayo mwenye duka angeirudisha kwa kukodisha mara nyingi na baba wa familia asingeithubutu. Kwa hiyo duka la kukodi lilishamiri kwa sababu ya ughali ule ule uliokusudiwa kuzibana faida zake.

Kufikia katikati ya miaka ya themanini mikanda ilikodishwa kila kona, hadi vituo vya mafuta na maduka ya vyakula. Hapa ndipo penye utamu wa historia hii. Maduka mengi yalikuwa ya mtu mmoja au familia, na kila moja lilikuwa na tabia yake. Kwenye Video Archives, duka dogo la Manhattan Beach, California, kijana Quentin Tarantino alifanya kazi kwa miaka kadhaa pamoja na rafiki yake Roger Avary. Kutwa walitazama filamu, walibishana juu yake, na kumshauri mteja aliyekuja kutafuta Rambo ajaribu pia filamu ya Hong Kong au ya Kifaransa. Mwaka 1995 wawili hao walipokea Oscar kwa kuiandika Pulp Fiction. Sijui chuo ambacho kingewapa elimu pana kuliko zile rafu.

Mkanda wenyewe ulikuwa kitu cha kushikika: kasha jeusi la plastiki, kidirisha kinachoonyesha magurudumu mawili, na ndani utepe wa sumaku wenye upana wa nusu inchi. Ukiusukuma kwenye deki, kifuniko cha mbele kilijiinua, utepe ukavutwa nje na kuzungushiwa kichwa kinachozunguka kwa kasi. Ukimaliza kutazama ulitakiwa kuurudisha mwanzo, na kibandiko juu ya kasha kilikukumbusha kwa upole. Utepe ulikuwa na kumbukumbu pia. Pale ambapo wateja wengi waliusimamisha na kuurudia, ulichakaa, picha ikatetemeka na kujaa mistari myeupe, na mteja mpya akajua hii ndiyo sehemu iliyowapendeza waliomtangulia.

Hata siri za wateja zilikaa dukani. Mwaka 1987, Robert Bork alipopendekezwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, gazeti la Washington City Paper lilichapisha orodha ya filamu 146 zilizokodiwa na familia yake. Hazikuwa na aibu yoyote, lakini wabunge walishtuka, kila mmoja akiiwazia orodha yake mwenyewe, na mwaka 1988 ikapita sheria ya kulinda faragha ya wakodi wa video.

Blockbuster ilikuja katikati ya shamrashamra hizi. David Cook, aliyekuwa akiuza programu za kompyuta kwa kampuni za mafuta, alifungua duka la kwanza Dallas, Texas, Oktoba 1985. Alileta ukumbi mpana wenye mwanga, maelfu ya filamu kwenye rafu za wazi, na kompyuta iliyojua nani amechukua nini. Mwaka 1987 aliingia Wayne Huizenga, aliyetajirika kwa biashara ya kuzoa taka, na maduka yakaanza kufunguliwa kwa kasi ya kutisha. Viacom waliinunua kampuni mwaka 1994 kwa dola bilioni 8.4.

Blockbuster ndiyo inayokumbukwa, na siwezi kulinyamazia hilo. Rafu zake zilijaa nakala nyingi za filamu chache zilizovuma. Filamu zilizopewa daraja la watu wazima pekee ilizikataa, na The Last Temptation of Christ ya Martin Scorsese haikuiweka kabisa. Iliposogea mtaani, duka la jirani lilianza kuhesabu siku. Kisha ikategemea mno faini za wacheleweshaji: mwaka 2000 ziliiingizia karibu dola milioni 800. Mwaka huo huo waanzilishi wa Netflix, Reed Hastings na Marc Randolph, walikwenda Dallas kuiuzia kampuni yao kwa dola milioni 50, wakakataliwa. Septemba 2010 Blockbuster ikaomba ulinzi wa kufilisika.

Mikanda hiyo hiyo ilifika kwetu pia. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, hivyo kwa wengi deki ilitangulia matangazo. Rambo na Commando zilitazamwa kwenye mabanda ya video kwa kiingilio kidogo, na huko Dar es Salaam na Kampala akazuka mfasiri mwenye kipaza sauti, anayesimulia filamu papo hapo na kuongeza chumvi yake. Banda lilikuwa na mtu anayeijua filamu kukuzidi, kama duka la Manhattan Beach.

Mtu huyo ndiye asiyepatikana kwenye huduma za intaneti. Na kuna pengo lingine: filamu nyingi zilizotoka kwenye VHS hazikuwahi kuhamishiwa kwenye diski wala mtandaoni. Hilo ndilo linaloipa uzito kazi ya Scarecrow Video ya Seattle, iliyofunguliwa mwaka 1988 na kugeuzwa shirika lisilo la faida mwaka 2014. Ina filamu zaidi ya 140,000, nyingi zikiwa adimu. Kim's Video ya New York ilipofungwa, filamu zake takriban 55,000 zilipelekwa mji wa Salemi, Sicily, zikakaa huko miaka mingi hadi zilipoanza kukodishwa tena Manhattan mwaka 2022. Anayesafiri hadi Oregon kwa ajili ya kibao cha bluu na manjano angefanya vizuri aendelee kaskazini hadi Seattle, achukue kadi ya uanachama, na amuulize mhudumu atazame nini.