Bwawa la Ruiru halijawahi kuwa la Ruiru

Kuna bwawa linaitwa Ruiru. Limeuzuia mto Ruiru huko juu, upande wa Githunguri, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940. Ukiwa mkazi wa Ruiru kama mimi, ungedhani ni letu. Zii. Maji yake huteremka kwa bomba hadi Kabete, yanasafishwa huko, kisha yanaingia Nairobi. Kuna lingine kubwa zaidi ambalo kwenye stakabadhi za serikali ni Bwawa la Thika, ingawa wengi tunalijua kama Ndakaini. Lilikamilika 1994, linabeba mita za ujazo milioni 70, na ndilo linaloinywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Mji wa Thika wenyewe uko chini, ukichota mtoni yale ambayo Nairobi haijayachukua huko juu.

Nilianza kufuatilia mambo haya baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu. Sababu ilikuwa karo, na hiyo ni stori ya siku nyingine. Nilikuwa na muda mwingi na keja isiyokuwa na maji, kwa hivyo nikaanza kusoma kuhusu maji. Nilitarajia kukutana na wizi. Wizi upo, lakini historia yenyewe inachosha kuliko wizi: ni historia ya nani anakopesheka.

Kabla ya maji ulikuja umeme. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya umeme ya Nairobi ilijenga mtambo kwenye maporomoko ya mto Ruiru ili kuwasha taa za Nairobi. Reli ikafika Thika 1913 kubeba mazao ya walowezi. Ruiru yenyewe ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge, na wafanyakazi wa mashamba hayo hawakuwa wateja wa mtu yeyote. Nairobi, kwa upande mwingine, ilikuwa na baraza lililotoza kodi ya majengo na viwanja, lililoandika hesabu zake vitabuni, na lililoweza kwenda kwa mwenye pesa na kusema: tupe leo, tutakulipa kwa miaka 30. Mwaka 1950 ilitangazwa kuwa jiji. Wakati huohuo bwawa la Ruiru lilikuwa linaanza kazi. Sioni kama ni sadfa.

Mtindo huo haukubadilika bendera ilipobadilika. Miaka ya 1970 na 1980 Nairobi ilirudi tena milimani, safari hii kwenye mto Chania, na kiwanda cha kusafisha maji cha Ng'ethu kikakua. Shosho yangu anaishi Gatundu, na anakumbuka mabomba makubwa yakishushwa kwenye mitaro. Nilimuuliza, "Shosho, mliambiwa nini kuhusu hayo maji?" Akanijibu, "Tuliambiwa tusipande miti juu ya bomba." Yeye alibeba maji mgongoni kutoka bondeni, mtungi ukining'inia kwa kamba kipajini, na bomba la Nairobi likipita karibu na shamba lake.

Ndakaini ilijengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na wafadhili wengine. Watu wa bonde lile walihamishwa, na waliobaki wakaendelea kulima chai juu ya bwawa. Tangu 2004 pale kumekuwa na mbio za nusu marathoni za kuhifadhi mazingira. Watu wanatoka Nairobi, wanakimbia kulizunguka bwawa, wanapiga picha, wanarudi mjini kuoga na maji yaleyale. Sisemi ni vibaya, nimewahi kwenda.

Sasa turudi Ruiru, kwa sababu huku chini mambo yalikuwa yanabadilika kimyakimya. Baada ya uhuru, makampuni ya kununua ardhi yaliyaunganisha maelfu ya wanahisa, yakanunua mashamba ya walowezi, yakayakata vipande. Kampuni ya Githunguri Constituency Ranching ndiyo maarufu zaidi huku kwetu. Kila mwanahisa alipata ploti, na ploti ilikuwa na vigingi vinne na hati, basi. Hakuna aliyetenga njia ya majitaka, na kusema kweli hakuna aliyehitaji: nyumba tatu za mabati, choo cha shimo nyuma, kahawa kando ya barabara. Mfumo ule uliwafaa watu wachache.

Kisha ikaja barabara kuu ya Thika. Ilijengwa kati ya 2009 na 2012, kilomita 50 hivi, kwa mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na benki ya Exim ya China. Rais Kibaki aliifungua Novemba 2012. Ghafla Ruiru ikawa karibu na kazi za Nairobi. Sensa ya 2009 ilikuta karibu watu 239,000 hapa. Ile ya 2019 ilihesabu mji wa Ruiru kuwa na zaidi ya watu 490,000. Thika nayo ilipita 250,000. Jaribu kufikiria: ndani ya miaka kumi mji umejiongeza mara mbili, na juu ya ploti zilezile za vigingi vinne. Nyumba za mabati zikawa magorofa ya ghorofa sita. Choo cha shimo kikawa tanki la majitaka. Kwa kuwa maji ya bomba hayakutosha, mwenye ploti akachimba kisima kirefu, akaweka tanki la plastiki juu ya paa. Kuna ploti ninazozijua ambapo kisima na tanki la majitaka vinatenganishwa na laini ya kuanikia nguo.

Pesa za barabara zilipatikana haraka. Pesa za mabomba ya kufuata barabara hiyo zilikuja polepole, na za majitaka zikaja polepole zaidi. Laini kuu ya majitaka imeanza kufika sehemu za Ruiru miaka ya karibuni tu, na mitaa mingi bado inasubiri lori la kunyonya. Thika ina bahati kidogo: ni mji wa viwanda, mitaro yake ilianza mapema, na kampuni yake ya maji, THIWASCO, imezoea kutajwa miongoni mwa zinazofanya vizuri nchini. Tena ni ileile stori ya kukopesheka. Viwanda hulipa bili. Ploti ya vyumba 40 yenye mita moja ya maji na mwenye nyumba asiyeonekana ni mteja wa aina nyingine.

Mwaka 2022 hatimaye Karimenu II ilizinduliwa Gatundu Kaskazini. Bwawa hili lilijengwa na kampuni ya AVIC kwa mkopo wa Exim ya China, kwa gharama iliyotajwa kuwa shilingi bilioni 24. Hili ndilo bwawa la kwanza kubwa lililotutaja kwa jina kwenye mgawo wake. Kati ya lita milioni 70 kwa siku, milioni 23 ni za Ruiru, Juja na Gatundu. Milioni 47 ni za, kisia, Nairobi. Nilichukua kikokotoo. Hata ukiiacha Gatundu kando, ukigawa lita milioni 23 kwa watu wa Ruiru na Juja wa sensa ya 2019 unapata kama lita 35 kwa mtu. Hiyo haifiki mitungi miwili. Na hapo hakuna tone lililovuja, ilhali kampuni za maji nchini kwa wastani hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji zinayoyasafisha, kupitia mabomba mabovu, mita mbovu na watu wenye spana usiku.

Hivi mbona Kiambu isiende yenyewe kukopa, kama Nairobi ya zamani? Katiba ya 2010 inasema maji safi na usafi wa mazingira ni haki, kifungu cha 43, na huduma hizo zikapewa kaunti. Lakini kifungu cha 212 kinasema kaunti haiwezi kukopa bila dhamana ya serikali kuu. Tulipewa kazi bila kupewa kalamu ya kutia sahihi. Kwa hivyo serikali kuu inakopa, na mara nyingi inakopa kwa dola. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 100 mwaka 2019. Januari 2024 ilifika 160 hivi kabla ya kushuka tena. Mama anayelipia maji Kimbo analipa kwa shilingi. Hakuna mtungi unaouzwa kwa dola.

Juu ya hayo yote kuna hali ya anga, ambayo haisomi bajeti. Mwanzoni mwa 2017 mvua zilikosa, Ndakaini ikashuka, Nairobi ikaanza mgawo wa maji. Nairobi ikikaukiwa, sisi tunaoshiriki mito nayo tunakaukiwa kwanza, ila bila kuingia kwenye habari za saa moja. Oktoba 2022, nchi ikiwa kwenye ukame mrefu, kipindupindu kilizuka, na visa vya kwanza vilihusishwa na harusi hapa Kiambu. Halafu mvua za Machi hadi Mei 2024 zikaja kwa hasira na kuua mamia ya watu kote nchini. Kwetu mtaani matanki ya majitaka yalifurika yakakutana na maji ya mvua barabarani, na watoto walikuwa wanavuka hapo wakienda shule. Ukame unatufanya tunywe maji ya kubahatisha, na mafuriko yanatuletea choo mlangoni. Ukiongea na wakopeshaji kuhusu tabianchi, wanaelewa bwawa haraka sana. Bwawa lina urefu na ujazo, na lina siku ya kukata utepe. Sijawahi kuona rais akikata utepe wa bomba la majitaka la Githurai.

Kuna jaribio moja ninalolipenda. Machi 2015 shirika la The Nature Conservancy na wenzake walianzisha Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, wa kwanza wa aina yake Afrika. Wazo ni rahisi: wanaotumia maji huku chini wachangie, na pesa ziende kwa wakulima wa milimani wachimbe matuta, wapande nyasi kingoni, wapewe miche, wachimbe vidimbwi vya kunasa mvua. Udongo ukibaki shambani, mto unakuja safi na bwawa halijai tope. Walipiga hesabu kwamba dola milioni 10 zingeleta faida ya dola milioni 21.5 kwa miaka 30. Kwa mara ya kwanza mtu kama shosho yangu yumo kwenye hesabu kama mtu anayepaswa kulipwa, si kama mtu wa kukatazwa kupanda miti. Malalamiko yangu ni jina. Hata mfuko huu, unaolinda vyanzo vya Thika na Chania, umebeba jina la Nairobi.

Wanasiasa wa milimani wamelisema hili kwa sauti yao. Mwangi wa Iria, alipokuwa gavana wa Murang'a, alidai asilimia 25 ya mapato ya maji yanayokwenda Nairobi. Muswada wa kugawana faida za maliasili umekuwa ukizunguka Bunge tangu 2014. Wakati huo handaki la karibu kilomita 12 limechimbwa Murang'a kuongeza maji Ndakaini. Mimi ningependa madai hayo yawe mahususi zaidi: kabla ya handaki lingine, kila mkopo wa maji ya kwenda Nairobi uandikwe pamoja na laini za majitaka za miji inayopitiwa, kwenye karatasi moja, na mkopeshaji asitoe awamu ya pili kabla ya laini hizo kufungwa.

Wenye uwezo hawasubiri. Tatu City, ekari 5,000 za kahawa ya zamani hapa Ruiru, imejijengea barabara, umeme, maji na mitaro yake. Nilipita karibu na lango lao wiki jana nikiwa kwenye boda. Nyuma yetu kulikuwa na mkokoteni wa mitungi, na jamaa aliyeusukuma aliniambia kwamba bei kwake imepanda tena: ishirini kwa mtungi, thelathini ukitaka upandishiwe ghorofa ya tano.