Jihadhari na wachuuzi matapeli wa mlangoni

Na Mwandishi Wetu, Nkoma

FEDHA za pamba zinapoanza kuwafikia wakulima, kwa kawaida kuanzia Mei, wachuuzi nao huongezeka vijijini. Nkoma, kata iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Bariadi hadi Itilima ilipopewa hadhi ya wilaya mwaka 2012, ni mojawapo ya maeneo ya Usukumani yanayotegemea zao hilo.

Wachuuzi wengi ni watafutaji halali. Wa kuogopwa ni yule anayefika kwa pikipiki wenye nyumba wakiwa shambani, akawakuta wazee, na kusema bei yake inaisha leo. Mwingine huchukua kianzio cha paneli ya sola atakayoileta “kesho”.

Hasara kubwa zaidi hutokana na mbegu. Paneli mbovu hujulikana siku hiyo hiyo. Mbegu bandia hujulikana mvua zikiwa zimekwisha nyesha, na msimu haurudi. Nunua pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu (TOSCI), na uihakiki namba ya lebo hiyo kwa simu kabla ya kulipa. Dawa za binadamu, kwa mujibu wa sheria, huuzwa katika majengo yaliyosajiliwa, yakiwamo maduka ya dawa muhimu. Anayezitembeza kwenye mkoba asikaribishwe.

Mgeni mwenye bidhaa apelekwe kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Si jambo geni katika kanda iliyoanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mfanyabiashara mkweli hana sababu ya kukataa. Dai risiti. Ukilipa kwa simu, jina na namba ya mpokeaji hubaki. Noti haiachi alama.

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Aidha, kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka saba. Tatizo ni ushahidi. Msomaji uliyeko mjini, unapomtumia mzazi fedha za mbegu, mwombe asichome pakiti baada ya kupanda. Aihifadhi pamoja na risiti hadi mavuno, kwani polisi wataanza kwa kuuliza hizo.