Jinsi ya kukabiliana na uvujaji wa mafuta katika pikapu kuukuu

HARUFU ya petroli ndani ya gari si jambo la kupuuzwa, hasa iwapo gari lenyewe ni pikapu iliyotumika kwa miongo kadhaa.

Pikapu za zamani kama vile Peugeot 504, Datsun 1200 na Toyota Hilux zimewafaa wakulima na wafanyabiashara wengi nchini. Hata hivyo, mipira na paipu za kupitishia mafuta huchakaa hata pale injini ingali na nguvu.

Mpira hukauka na kupasuka kutokana na joto. Nayo paipu ya chuma, ambayo hupita chini ya gari kutoka kwenye tangi, hugongwa na mawe katika barabara za changarawe na kuliwa na kutu. Katika eneo la Pwani, hewa yenye chumvi huharakisha kutu hiyo.

Hatari kubwa zaidi si matone yanayoonekana bali ni mvuke. Mvuke wa petroli hushika moto hata wakati wa baridi kali, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa na kujikusanya chini ya gari au ndani ya shimo la karakana. Cheche moja yatosha kuulipua. Dizeli haiwaki kwa wepesi huo, lakini ikidondokea bomba la moshi lenye joto jingi yaweza kushika moto.

Hatua za kwanza

Dereva anayegundua kuwa mafuta yanavuja anapaswa kuegesha gari mbali na moto, kuzima injini na kuwashusha abiria wote. Boneti ifunguliwe ili mvuke utawanyike, kisha waya hasi wa betri uondolewe.

Mahali panapovuja pasitafutwe kwa kiberiti wala taa ya mafuta. Tochi ndiyo itumike. Kizima moto cha poda au povu kiwe karibu. Maji hayafai, kwani petroli huelea juu yake na kueneza moto.

Kutafuta chanzo

Ukaguzi uanzie kwenye tangi na kufuata paipu hadi kwenye injini, huku viungo, klipu na kichujio vikichunguzwa. Sehemu iliyolowa na kushika vumbi huwa ni dalili.

Katika pikapu nyingi zenye kabureta, pampu imo kwenye injini na huvuta mafuta kutoka nyuma. Kwa sababu hiyo, tundu lililo kati ya tangi na pampu laweza lisidondoshe chochote injini inaponguruma, bali likafyonza hewa. Gari hukosa nguvu mlimani, huzimika ghafla au hukawia kuwaka asubuhi, na mwenyewe akadhani kabureta ndiyo mbovu.

Urekebishaji

Baadhi ya madereva huziba nyufa kwa sabuni ya kipande au kuzifunga kwa kipande cha tyubu. Sabuni haihimili mtikisiko, na tyubu huvimba na kulainika ikiguswa na petroli. Dawa ya kudumu ni kuondoa sehemu iliyoharibika na kuweka mpya.

Mpira mpya uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta. Wa maji haufai. Aidha, utoshane na shinikizo la mfumo. Mfumo wa kabureta hutumia shinikizo lisilozidi baa 0.5, ilhali ule wa kupuliza petroli kwa njia ya elektroniki aghalabu hutumia baa 2.5 hadi 4. Mpira wa kabureta ukitiwa katika mfumo huo wa pili waweza kupasuka. Vilevile, shinikizo lipunguzwe kabla ya kiungo chochote kulegezwa.

Mpira uvishwe kwenye paipu kiasi cha milimita 25, ukazwe kwa klipu na kuwekwa mbali na bomba la moshi. Paipu iliyooza kwa kutu ibadilishwe yote, kwa kuwa tundu moja huashiria mengine yaliyo njiani.

Iwapo tangi lenyewe ndilo linalovuja, lisichomelewe kabla ya kusafishwa na fundi mwenye ujuzi. Tangi lisilo na mafuta laweza kuwa hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke.

Baada ya kazi, injini iachwe ingurume kwa dakika kadhaa huku viungo vikipanguswa kwa kitambaa kikavu. Vikaguliwe tena baada ya safari fupi, na asubuhi inayofuata.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Lakini hata pasipo polisi, mwenye pikapu hana budi kukumbuka kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mpira na klipu mbili ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na gari lililoteketea, sembuse maisha.