Bega Linalochomoka: Kovu Dogo, Hesabu Ndefu

Mchezaji akichomoka bega siku hizi tunaandika kwamba atafanyiwa upasuaji wa matundu madogo na atarudi uwanjani baada ya miezi kadhaa. Habari inaishia hapo. Bega hilo linakuwaje baada ya miaka 10? Hebu tuanzie mbali kidogo.

Hippocrates wa Ugiriki ya kale alieleza jinsi ya kuchoma kwapa kwa chuma cha moto ili kovu likaze bega lisichomoke tena (hata kuandika kunauma!). Mwaka 1923 daktari Mwingereza, Blundell Bankart, akasema tatizo ni gegedu la ukingo wa kikombe cha bega kubanduka, na dawa ni kulirudisha mahali pake. Bega lilipasuliwa wazi, kovu kubwa, lakini mwaka 1978 Carter Rowe wa Boston na wenzake waliripoti mabega 145 yaliyotibiwa hivyo: yaliyochomoka tena ni 5 tu.

Miaka ya 1980 kazi hiyohiyo ikaanza kufanywa kwa kamera na vitundu. Mwanzoni zilitumika pini za chuma, na baadhi zililegea ndani ya kiungo. Baadaye vikaja vishikizo vyenye uzi. Kovu dogo, maumivu kidogo, nani asipende?

Mwaka 2000 Stephen Burkhart wa Texas na Joe de Beer wa Cape Town wakatoa hesabu ya mabega 194 ya matundu. Ambayo mfupa wake haukuwa umemeguka sana, asilimia 4 yalisumbua tena. Yaliyomeguka sana, asilimia 67! Gegedu linashoneka, mfupa uliopotea haushoneki. Na Mfaransa Michel Latarjet alikuwa ameshaonyesha tangu 1954 jinsi ya kuhamishia pale kipande cha mfupa na kukifunga kwa skrubu.

Mapitio ya mwaka 2019 yalikusanya mabega 822 ya matundu yaliyofuatiliwa kwa miaka 10 au zaidi. Asilimia 31 yaliyumba tena. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo namba ya kumwambia mgonjwa, siyo ile ya mwaka wa pili.

Balg na Boileau walitunga kipimo cha alama 10 mwaka 2007. Katika wagonjwa wao, waliozidi alama 6 waliumia tena kwa asilimia 70. Kijana wa miaka 19 anayecheza raga ya mashindano anaingia na alama 5 kabla hata hajapigwa eksirei.