Daraja la Mantiki: Tafsiri ya Maarifa ya Forodha katika Mpaka wa Rusizi na Bukavu

Makala haya yanajadili historia ya jitihada za kuifanya mifumo ya forodha ielewane, kwa kuutazama mpaka wa Rusizi, Cyangugu ya zamani, na Bukavu. Hoja yake ni kwamba kuhamisha data si kutafsiri maarifa. Tafsiri hukamilika pale tu maana ya kila msimbo inapoelezwa kwa kanuni za mantiki zinazoweza kukaguliwa.

Bidhaa moja yatosha kulidhihirisha tatizo. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huitwa isambaza kwa Kinyarwanda na sambaza kwa Kiswahili cha Bukavu. Jina hilo pekee halibainishi wabichi na waliokaushwa. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, HS, ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, huwatenganisha: wabichi wamo katika 0302, waliogandishwa 0303, waliokaushwa 0305. Tarakimu 6 za mwanzo ni za pamoja; zinazofuata hupangwa na kila nchi au jumuiya.

Kompyuta hazikuiondoa tofauti hiyo. UNCTAD ilianza kuunda programu ya ASYCUDA mwaka 1981, nayo imeenea Rwanda na Kongo pia, ambako Wakongo huiita kwa jina la Kifaransa, SYDONIA. Kenya ilishika njia nyingine kwa mfumo wa Simba mwaka 2005. RADDEx ilibuniwa ili mamlaka za mapato za Afrika Mashariki zipashane taarifa za mizigo. Hata hivyo, ujumbe kufika si ujumbe kueleweka. Hata nchi mbili zenye programu ya ukoo mmoja hubaki na majedwali na masharti yao.

Tatizo hilo lilikwisha kuwashughulisha wanamantiki. Mapema miaka ya 1990, Genesereth na Fikes wa Stanford walieneza KIF, lugha ya kati ambayo kila mfumo ungetafsiri kuielekea na kutoka kwayo. Miaka kumi baadaye, Dou, McDermott na Qi wa Yale walipendekeza kuunganisha istilahi za pande mbili kwa kanuni daraja, kisha kuiachia mashine ikokotoe hitimisho. Mwaka 2007 mkondo wa KIF ulizaa kiwango cha kimataifa cha Mantiki ya Pamoja, ISO/IEC 24707.

Ichukuliwe kwamba orodha ya kwanza ina kifungu kimoja, «samaki wadogo wa ziwani», na ya pili imewagawa wabichi na waliokaushwa. Kanuni daraja husema: kila kilicho samaki mdogo mkavu katika ya pili ni samaki mdogo katika ya kwanza. Kinyume chake hakithibitiki. Jedwali linalovisawazisha vifungu hivyo hulazimisha mashine kubahatisha. Kanuni ya mantiki huisimamisha na kudai taarifa inayokosekana: je, wamekaushwa?

Uzito wa swali hilo humwangukia mchuuzi anayevuka daraja na beseni kichwani. Utaratibu rahisi wa biashara wa COMESA hutegemea orodha ya bidhaa zilizokubaliwa na nchi jirani. Bidhaa yake ikitafsiriwa vibaya, hupoteza nafuu aliyostahili, wala hana pa kuonyesha ni kanuni gani iliyomhukumu.

Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kongo mwaka 2022. Kwa washauri wa sera, jukumu linalofuata ni kuzichapisha kanuni daraja, zikitaja waziwazi palipo na upotevu wa maana. Kiswahili, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017 na mojawapo ya lugha 4 za taifa za Kongo, kinaweza kuzibeba. Kanuni isiyosomeka na anayetozwa ushuru haijatafsiriwa bado.